Chakula Usichokijua Mezani: Asia Iliyomo Jikoni Mwetu



Msimu wa harusi umeingia na maswali yamekuwa mengi. Mabibi harusi wanaokuja kwangu kupima nguo hawazungumzi tena shela na viatu tu. Mmoja ameletewa na mpishi orodha ya vyakula vya walima, ndani yake mna rendang, paneer na haleem, na hajui kipi ni nyama na kipi ni mboga. Mwengine anakwenda fungate Malaysia na anaogopa atashinda na njaa. Mwengine anamfuata mama yake India kwenye matibabu, atakaa miezi miwili. Na sisi wa biashara tunaokwenda Guangzhou kuchukua vitambaa tunaijua ile hali ya kukaa mbele ya sahani inayonukia vizuri, huku moyo unakuuliza: hiki ni nini?

Wengi wetu hufanya moja ya mawili. Wapo wanaokataa kila kitu, wakaishi kwa biskuti na chai wiki nzima. Na wapo wanaoona haya kuuliza, wakala tu. Yote mawili hayafai. La kwanza linakunyima neema ya Mwenyezi Mungu, na la pili linaweza kukulisha haramu au kitu kinachokudhuru.

Njia ninayoipenda mimi ni kuanza na kile unachokijua. Mwanamke wa kisiwani ana bahati ambayo wenzake wengi wa bara la Afrika hawana: Asia imo jikoni mwake tangu zama za mabibi wa mabibi zake. Imeingia kwa majahazi na misimu ya kaskazi na kusi, ikapewa majina ya Kiswahili, tukaiona yetu. Shokishoki tunazonunua njiani ndizo rambutan za Wamalai, na neno lao linatokana na nywele. Duriani lina jina lile lile huko, kutokana na duri, yaani mwiba. Mbirimbi tunazotia achari asili yake ni huko huko Asia ya Kusini-Mashariki, na Waindonesia wanaziita belimbing. Kwa hiyo dada anayekwenda Kuala Lumpur akafika sokoni atakutana na jamaa zake wa zamani, kazi yake ni kuwatambua tu.

Basi tuanze na kopo la viungo, maana humo ndimo historia ilimojificha.

Chukua mdalasini. Wajuzi wa lugha wanalirudisha neno hili kwenye Kifarsi, dar chini, maana yake mti wa Kichina. Waajemi na Waarabu waliupokea kutoka mashariki, wakaupa jina la kule walikodhani umetoka. Lakini ipo miti miwili inayofanana. Ule wa Sri Lanka una maganda membamba yaliyojiviringisha mengi kwa pamoja kama sigara, unavunjika kwa vidole, na ladha yake ni ya upole. Ule wa China, Vietnam na Indonesia ni ganda moja nene, gumu, lenye ukali. Ukiagizia mdalasini kwa ajili ya pilau ya watu mia tatu, tofauti hiyo utaiona ndani ya sufuria.

Chukua tena pilipili manga na kungumanga. Manga ni jina ambalo wazee wetu waliita nchi ya Waarabu, upande wa Maskati. Lakini Maskati haioti pilipili manga wala kungumanga! Pilipili manga ni ya Malabar, pwani ya kusini magharibi ya India. Kungumanga, pamoja na utandu wake mwekundu tunaouita basibasi, ilikuwa ikiota kwenye visiwa vidogo vya Banda tu, mashariki ya Indonesia ya leo. Jina likatuonyesha bandari ya mwisho ambako mfanyabiashara alipakia, halikutuonyesha shamba. Hili likumbuke, maana litakusaidia kila mahali: jina la chakula hukwambia kimepita wapi, si lazima likwambie kimezaliwa wapi.

Mfano mzuri kuliko yote ni ukwaju. Waarabu waliuita tamar hindi, tende ya India, na Wazungu wakalichukua jina hilo hilo. Kumbe wanasayansi wa mimea wanasema mti wenyewe asili yake ni Afrika, ndio ukaenda India zamani sana na kuenea mpaka Thailand. Ukionja tambi za Kithai zinazoitwa pad thai, ule uchachu wenye utamu kwa mbali ni ukwaju. Ni wetu, umesafiri tu.

Na kungumanga ina kilio chake, tusikipite. Mwaka 1621 kampuni ya Waholanzi ikiongozwa na Jan Pieterszoon Coen iliivamia Banda kwa sababu wenyeji, ambao wengi wao walikuwa Waislamu, waliendelea kuwauzia wafanyabiashara wengine. Waliuawa, walikufa kwa njaa, walichukuliwa utumwa. Waliobaki kisiwani walikuwa wachache mno. Karafuu nayo, ambayo nyumbani kwake ni Ternate, Tidore na visiwa vya jirani huko Maluku, Waholanzi waliikata na kuichoma kila mahali isipokuwa pale walipoweza kuilinda wenyewe, bei isishuke. Mfaransa Pierre Poivre akapanga miche ikaibwa na kufikishwa Mauritius mwaka 1770, na mwanzoni mwa karne ya 19 ikafika Unguja. Hapo Sayyid Said akaitilia nguvu, na mashamba yakalimwa kwa jasho la watumwa. Hayo ni yetu pia, si ya Waholanzi peke yao. Katika karne ya 20 ikawa Indonesia, nyumba ya karafuu, inanunua karafuu kutoka Zanzibar kwa ajili ya sigara zao za kretek, mpaka walipopanda zao za kutosha na soko letu likaanguka. Dada, unapotia punje nne za karafuu kwenye pilau, ujue kwamba watu wamekufa kwa ajili yake pande mbili za bahari.

Haya, tutoke kwenye kopo tuingie kwenye sahani za harusi.

Sambusa hakuna asiyeijua. Jina lake ni la Kiajemi, na kitabu cha mapishi kilichoandikwa Baghdad mwaka 1226 na Muhammad bin al-Hasan al-Baghdadi kinaeleza namna ya kuipika. Ibn Battuta, aliyefika pwani yetu mwaka 1331, alipokwenda baadaye Delhi kwa Sultan Muhammad bin Tughluq alikuta sambusa mezani: nyama ya kusaga, lozi, jozi, pistachio, vitunguu na viungo, vimefungwa ndani ya mkate mwembamba na kukaangwa kwa samli. Sambusa ya mbatata inayouzwa leo kila kona ya India ni mpya ukilinganisha na hiyo, kwa sababu mbatata ilitoka Amerika na ikafika Asia baada ya Wareno kuzifungua njia zao za bahari. Hivyo hivyo pilipili kali. Kabla ya karne ya 16 hapakuwa na pilipili mbuzi India wala Thailand wala Uchina. Walitafuta ukali kwa pilipili manga na tangawizi. Mtu akikwambia chakula cha Kithai kimekuwa kikiwaka moto tangu enzi na enzi, mwambie apunguze karne.

Kitabu hicho hicho cha Baghdad kina harisa, ngano na nyama vilivyopondwa mpaka vikashikana. Sisi tunaiita boko boko, na hakuna walima wa kizamani uliokamilika bila hiyo. Sasa ukifika Hyderabad mwezi wa Ramadhani utaona masufuria makubwa yamewekwa njiani na watu wamepanga foleni wanangoja haleem. Usiogope rangi yake ya hudhurungi na vile vitunguu vya kukaanga vilivyotupiwa juu. Ni boko boko iliyopata binamu: Waarabu wa Hadhramaut waliokwenda kuwa askari wa watawala wa Hyderabad walikwenda na harisa yao, Wahindi wakaitia dengu na viungo vingi. Mwenye kulijua boko boko la mama yake anaijua haleem kwa kijiko cha kwanza.

Na kaimati? Kwa Baghdadi zinaitwa luqam al-qadi, matonge ya kadhi. Waarabu wa Ghuba wanasema luqaimat, vitonge vidogo, na ulimi wetu ukafupisha. Ukiletewa India bakuli la mipira ya kahawia imezama kwenye shira, utasema ni kaimati, lakini hapana. Hizo ni gulab jamun. Kaimati ni unga wa ngano na hamira, ndani ina hewa. Gulab jamun ni maziwa yaliyopikwa mpaka yakakauka, ndani imejaa na ni nzito. Gulab ni maji ya waridi, na jamun ni lile lile zambarau letu, kwa sababu ya umbo. Nimelitaja hili kwa ajili ya dada ambaye maziwa hayampatani: kaimati atakula kumi, gulab jamun moja tu itamlaza.

Hapo ndipo ninapotaka muwe macho, maana majina hudanganya pia. Kachori yetu ni tonge la mbatata lenye ndimu na pilipili, limevikwa uji wa unga na kukaangwa. Ukiagiza kachori Gujarat au Rajasthan utaletewa mkate wa kukaanga wenye choroko au dengu ndani. Ile unayoitaka wewe, Mumbai inaitwa batata vada. Paneer, kwa wale walioiona kwenye orodha za wapishi, ni jibini ya maziwa yaliyokatwa kwa ndimu, haiyeyuki ukiipika, inakaa vipande vipande kwenye mchuzi. Usiichanganye na tofu, ambayo inafanana nayo kwa macho lakini ni ya maharage ya soya, haina tone la maziwa. Ukibonyeza, tofu inatikisika na haina harufu. Paneer ina harufu ya maziwa.

Rendang ni ya Waminangkabau wa Sumatra Magharibi. Ni nyama ya ng'ombe iliyopikwa kwa tui la nazi pamoja na mchaichai, tangawizi, manjano na mzizi mmoja unaofanana na tangawizi lakini mgumu zaidi na wenye harufu ya kidawadawa. Waarabu wanauita khulinjan, Wamalai lengkuas. Inapikwa saa nyingi, tui linakauka, linatoa mafuta, halafu nyama inajikaanga ndani ya mafuta hayo mpaka inakuwa kahawia nyeusi. Kwa kukauka kwake inakaa siku nyingi bila kuharibika, ikafaa safari. Wenyewe wanaipika Idi na harusini. Bibi harusi aliyeniuliza: ndiyo, waambie waiweke. Wageni wakubwa kwa wadogo wataila, kwa sababu ladha ya tui wameizaliwa nayo.

Pua nayo ni mwalimu. Ukiingia kwenye mgahawa wa Kihindi wa wasiokula nyama ukasikia harufu ya mvuje, hujakosea. Ni mvuje ule ule, utomvu wa mmea wa Iran na Afghanistan, wao wanaita hing na wanautia kidogo kwenye mafuta ya moto kabla ya dengu. Ukipata moto ule ubaya wa harufu unaondoka, unabaki kama kitunguu thomu. Sisi tumeufanya dawa ya tumbo na kitu cha kumfungia mtoto mchanga. Hilo la kumfungia mtoto lina maneno yake kwa mashekhe wetu na hapa si pahala pake. La kushangaza ni kuwa hatukuwahi kuutia kwenye chungu.

Na biriani ya Lucknow ina harufu ambayo kila bibi harusi wa hapa anaijua bila kujua kuwa anaijua. Wanatia maji ya kewra, yanayotolewa kwenye maua ya mmea wa jamii ya mkadi. Mkadi huo huo tunaouweka kwenye kikuba pamoja na asumini na mrehani! Majani ya pandan yanayotia rangi ya kijani na harufu nzuri kwenye vitamu vya Malaysia nayo ni ya jamii hiyo hiyo. Sisi tumeuvaa, wao wanaula.

Sasa niingie kwenye lile linalotutia hofu zaidi, nalo ni nyama.

Mashariki ya mbali, kujua neno moja kunaweza kukuokoa. Kwa Wachina, neno rou ni nyama, na likiandikwa peke yake bila kutajwa mnyama, kawaida linakusudiwa nyama ya nguruwe. Ng'ombe ni niurou, kondoo na mbuzi ni yangrou. Kwa hiyo kumwambia muuzaji "nipe cha nyama" ndiyo njia ya kupewa usichokitaka. Malaysia na Indonesia nguruwe ni babi, Thailand ni moo, na Japani ukiona ton mwanzoni mwa jina, kama tonkatsu au tonkotsu, pita.

Kuna silabi moja yenye historia nzuri: bak. Ni nyama kwa lugha ya Kihokkien ya watu wa Fujian, kusini ya China, na kwao nyama ilikuwa nguruwe. Watu hao walihamia kwa wingi visiwa vya Asia ya Kusini-Mashariki wakiwa wafanyabiashara na vibarua. Malaysia wakaacha bak kut teh, supu ya mbavu, na mpaka leo ukisikia jina hilo ujue kwa desturi ni nguruwe. Lakini Indonesia, Waislamu walivipenda vile vidonge vya nyama vya supu, wakavipika kwa ng'ombe, na jina likabaki bakso. Leo bakso ni chakula cha njiani cha kila Mwislamu wa Java. Silabi ile ile, hukumu mbili. Kwa hiyo jina peke yake halikuharamishii wala halikuhalalishii. Tazama nani amepika na amepika nini.

Ndani ya China kwenyewe wapo ndugu zetu wa Kihui, Waislamu wanaozungumza Kichina, na kwao halali inaitwa qingzhen, maneno mawili yenye maana ya safi na kweli. Mikahawa yao ina kibao, mara nyingi cha kijani, na pengine maandishi ya Kiarabu. Wauzaji wa tambi za Lanzhou, zile zinazovutwa kwa mkono mpaka zikawa kama nyuzi na kutiwa kwenye supu ya ng'ombe, wengi ni Waislamu kutoka Gansu na Qinghai, na utawakuta karibu kila mji mkubwa. Guangzhou una msikiti wa Huaisheng, ambao Waislamu wa huko wanasimulia kuwa ulijengwa na sahaba Saad bin Abi Waqqas, radhi za Allah ziwe juu yake. Iwe vipi, biashara ya Waislamu katika bandari ile ni ya zaidi ya miaka elfu. Aliyekwambia kuwa China hakuna cha kula kwa Mwislamu hakutoka nje ya hoteli.

Nyama ukishaiepuka, bado kuna vilivyojificha. Wachina hutia mvinyo wa mchele kuondoa shombo la samaki na nyama. Wajapani wanatumia sake na mirin, mvinyo mtamu wa mchele, kwenye rojo la teriyaki linalong'aa. Keki na vitafunio vya kizamani vya Kichina hukandwa kwa mafuta ya nguruwe. Wamalai na Wathai wanatia uduvi uliochachushwa na kukaushwa, belacan au kapi, hata kwenye sahani unayoiona ya mboga tupu. Uduvi kwetu si haramu, na Wamalai ni watu wa madhehebu ya Imam Shafii kama sisi; Ibn Battuta alilitaja hilo alipomkuta Sultan wa Samudra, Sumatra, katika miaka ya 1340. Lakini mwenye mzio wa kamba na uduvi, mchuzi huo utamvimbisha uso siku ya pili ya fungate.

La mwisho ni vile vitamu vinavyotikisika. Walima za siku hizi haziishi bila jeli ya rangi tatu kwenye vikombe. Jelatini hupikwa kwa ngozi na mifupa, ya ng'ombe au ya nguruwe, na paketi isiyo na alama ya halali haikwambii ni ya nani. Asia wana jibu la zamani zaidi ya jelatini ya paketi: agar-agar, ambayo sisi tunaijua madukani kwa jina la chaina grasi, zile nyuzi nyeupe kavu tunazotilia faluda. Hadithi ya Wajapani inasema iligunduliwa katika karne ya 17 na mwenye nyumba ya wageni aliyetupa nje mabaki ya uji wa mwani usiku wa baridi, asubuhi akaukuta umeganda na baadaye kukauka. Jina agar-agar ni la Kimalai. Ni mwani mtupu, hauna mnyama.

Kuzitofautisha ni rahisi. Jeli ya jelatini inalegea ikikaa kwenye joto la meza yetu la saa saba mchana, na ukiiweka mdomoni inayeyuka yenyewe. Ya agar-agar inasimama imara hata bila friji, na inakatika kwa meno. Mwambie mpishi wako unataka ya chaina grasi, na mwambie mapema, kabla hajanunua paketi.

Na mwani huo mnaujua. Ule unaolimwa Paje na Jambiani tangu mwaka 1989, mbegu yake ilitoka Ufilipino, na wakulima wake wengi ni wanawake. Aina yetu haitoi agar. Inatoa karajinani, ambayo viwanda vya nje hutilia kwenye maziwa, aiskrimu na dawa ya meno kuvifanya vizito. Wapo akina mama wa huko sasa wanaopika wenyewe juisi, jemu na sabuni za mwani. Bibi harusi mmoja wa mwezi ujao amekwishaagiza chupa sitini za juisi hiyo kwa ajili ya walima wake.

Wassalaam alaykum.